Kesho Saa Kumi na Mbili na Robo, Nani Yupo?

Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa kaunti tano za Kenya kwa sababu ya janga la korona: Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru. Aliyekuwa ndani hakuruhusiwa kutoka, na aliyekuwa nje hakuruhusiwa kuingia. Kafyu ikaanza saa mbili usiku, na masomo ya ana kwa ana yakasitishwa, vyuo vikuu vikiwemo. Mimi nilikuwa Njoro, mwanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Egerton, nimepanga chumba Njokerio, mtaa wa wanafunzi ulio nje ya ua wa chuo. Kwetu ni Kakamega. Nauli ya kunifikisha nyumbani nilikuwa nayo. Ruhusa ya kupita kizuizi sikuwa nayo.

Chumbani nilikuwa na kitanda, meza, mtungi mdogo wa gesi na simu. Simu ndiyo iliyokuwa darasa, gazeti, kanisa na baraza. Nilikuwa nikiamka naishika kabla sijanawa uso. Katika kikundi cha darasa letu, uvumi kuhusu tarehe za mitihani ulibadilika kila saa. Kwingine kulikuwa na idadi ya wagonjwa wapya kutoka Wizara ya Afya, matangazo ya tanzia, na video za watu wasioweza kupumua. Ikifika saa nane usiku nimelala chali, moyo unanienda mbio, viganja vimelowa jasho, kifua kimebana. Kwa kuwa kubanwa kifua kulikuwa miongoni mwa dalili tulizoambiwa tuziogope, niliamini nimeambukizwa. Kukipambazuka kifua kinaachilia, usiku ukifika kinabana tena. Ulikuwa wasiwasi, ila sikuwa nimefundishwa kuutambua.

Baadaye, Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga lile visa vya wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Nilipoisoma takwimu hiyo niliwakumbuka wapangaji wenzangu wa Njokerio, kila mmoja nyuma ya mlango wake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Tulitolewa vyumbani na simu ile ile iliyokuwa ikitukosesha usingizi. Jambo hilo nimeliwaza kwa miaka, kwanza kama mwanafunzi na sasa kama mwalimu, na nina hakika nalo: mtandao humtuliza mtu unapompa miadi ya kukutana na watu, na humtia wasiwasi unapompa orodha ya kujilinganisha nao. Chombo ni kimoja. Kinachotofautiana ni ujumbe unaopitia humo.

Ploti yetu ilikuwa na kikundi chake cha WhatsApp. Kilitumika kwa mambo ya kawaida ya wapangaji: maji yamepotea, tokeni za stima zimeisha, nani ameacha takataka kwenye ngazi. Jioni moja, wiki ya kwanza ya kufungiwa, jirani yangu wa ghorofa ya juu, kijana wa uhandisi wa kilimo ambaye hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu, aliandika hivi: “Makomredi, kesho saa kumi na mbili na robo, hapa getini. Tunatembea hadi mtoni na kurudi. Mwendo wa kuongea. Nani yupo?”

Walijibu watatu. Mmoja aliweka kidole gumba, mwingine picha ndogo ya kiatu, wa tatu akaandika “nipo”. Wa tatu huyo alikuwa mimi.

Nimeuchambua ujumbe ule mara nyingi mbele ya wanafunzi wangu, kwa maana ulibeba kila kitu kinachohitajika bila neno la ziada. Ulitaja saa, na mtu mwenye wasiwasi akiachiwa kuchagua saa huahirisha mpaka siku iishe. Ulitaja mahali ambapo pangefikika kwa hatua chache kutoka mlangoni. Ulitaja mwendo, na hapo ndipo palipokuwa na huruma yake kubwa: mwendo wa kuongea ni ule unaoweza kutamka sentensi nzima bila kuhema, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kujiuliza kama ataachwa nyuma. Kisha uliuliza swali. Tangazo husomwa likapita, lakini swali hukaa likingoja jibu, na ukishajibu “nipo” mbele ya watu umetoa ahadi. Asubuhi ilipofika kulikuwa na baridi ya Njoro, mji ulio zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kila sababu ya kubaki chini ya blanketi. Lakini palikuwa na mtu getini aliyejua kwamba nimesema nitakuja.

Tulitembea. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kulainisha vumbi, na tope lilinata kwenye soli mpaka viatu vikawa vizito. Tulipita miti ya mikaratusi, tukateremka hadi mto Njoro, ule unaotoka msitu wa Mau na kuishia Ziwa Nakuru, tukasimama kidogo, tukarudi. Kwa maneno ya wanariadha hatukuwa tumefanya lolote. Lakini tulikuwa tumezungumza kwa takriban saa nzima na nyuso za watu, tukiachiana nafasi barabarani kama sheria za wakati ule zilivyotaka, na usiku huo nililala kabla ya saa sita.

Mtu wa mbali akisikia kwamba wanafunzi wa Bonde la Ufa walihitaji WhatsApp ili wafanye mazoezi, huenda akashangaa. Huku ndiko wanakotoka mabingwa wa mbio. Faith Kipyegon, mshindi wa mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, ni binti wa Keringet, ndani ya kaunti yetu ya Nakuru. Mwaka 2011 alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi akiwa miguu mitupu. Lakini sifa hiyo ina upande wake mwingine, ambao wenyeji tunaujua. Mahali ambapo kukimbia ni kazi inayolisha watu, asiye mwanariadha huona haya kukimbia. Wiki zile, mama aliyekuwa akituuzia mandazi kwenye kona alituuliza kwa dhati kabisa: “Sasa wanangu, mnajitayarishia mashindano gani?” Tulipomjibu kwamba hatujitayarishii lolote, alitutazama kwa mshangao. Msichana mmoja wa kikundi chetu aliniambia baadaye kwamba kabla ya hapo, kila alipovaa raba kwenda mbio alihisi watu wanampima: huyu miguu yake si ya mbio, huyu anajisumbua bure.

Tulichokuwa tumekisahau ni namna mabingwa wenyewe wanavyofanya. Katika mji wa Iten, kila Alhamisi asubuhi, wakimbiaji kwa mamia hukusanyika njia panda kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, wakongwe na wageni pamoja, na hakuna anayetumiwa mwaliko kwa sababu kila mtu anajua siku, saa na mahali. Kipyegon hufanya mazoezi Kaptagat katika kambi ya kocha Patrick Sang, pamoja na Eliud Kipchoge. Na Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, alisaidiwa na waongoza kasi 41 waliopokezana kumzunguka. Mtu tunayemwita mwenye nguvu kuliko wote hakukimbia peke yake. Desturi ya huku, kwa hakika, ni watu kukutana alfajiri mahali panapojulikana. Kijiji cha wakimbiaji kina desturi hiyo tangu zamani. Mtaa wa wanafunzi waliotoka kaunti tofauti, wasiojuana majina, hauna. Simu ilitupa kile ambacho Iten inacho kwa mazoea: njia panda yetu.

Wiki chache baadaye, wengine walipoanza kukimbia vipande vifupi, nilielewa ni kwa nini mwendo ule ulikuwa ukitutibu. Tulikuwa tukipanda mteremko wa kurudi kutoka mtoni, na msichana niliyemtaja hapo juu alisimama ghafla, mkono kifuani, macho yamemtoka. Alisema moyo wake unataka kupasuka. Yule komredi wa uhandisi alisimama naye, akamwambia apumue polepole na ahesabu nguzo za stima zilizo mbele yetu, moja moja, kwa sauti. Akahesabu. Alipofika ya saba moyo ulikuwa umeshaanza kutulia. Akasema, kwa mshangao wa mtu aliyegundua kitu: “Ni vile vile unavyonifanyia usiku. Lakini sasa najua ni kilima.”

Wanasaikolojia wana maelezo ya jambo hilo. Mtu mwenye wasiwasi huogopa dalili za mwili wake mwenyewe. Moyo ukienda mbio, akili inatafsiri kwamba kuna hatari, tafsiri hiyo inaongeza homoni ya adrenalini, moyo unazidi, na mzunguko unaendelea. Mazoezi huleta dalili zile zile, mapigo ya moyo, jasho, kuhema, katika hali ambayo sababu yake inaonekana na mwisho wake unajulikana. Kila asubuhi mwili unajifunza upya kwamba moyo unaweza kupiga kwa nguvu kisha ukatulia wenyewe. Usiku mapigo yale yakirudi, yanakuta mtu aliyekwisha kuyazoea. Juu ya hayo kuna usingizi unaokuja mapema na mwanga wa asubuhi unaorekebisha saa ya mwili. Mwaka 1999, James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani waliwafuatilia watu 156 wenye umri mkubwa waliokuwa na sonona, wengine wakifanya mazoezi, wengine wakitumia dawa ya sertraline, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Sonona si wasiwasi, na dawa zina mahali pake, lakini matokeo yale yanatosha kumfanya mtu aache kuyaona mazoezi kama pambo.

Kikundi kilipokua, mwenzetu mmoja mwenye kasi alipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba kila mtu apakue programu ya kuhesabu kilomita, na kila Jumapili tuposti orodha: nani wa kwanza, nani wa mwisho. Wiki ya kwanza ilikuwa moto. Watu walikimbia jioni ili kuongeza namba. Wiki ya pili, wale wa mkiani wakaanza kunyamaza. Hakuna aliyeaga. Walisoma tu, tiki zikageuka bluu, na asubuhi hawakuonekana getini. Mmoja wao aliniambia kwamba Jumamosi usiku alikuwa akishindwa kulala akiifikiria orodha ya kesho yake. Kitu kilicholetwa kutibu wasiwasi kilikuwa kimeshaanza kuuzaa.

Lazima niwe mkweli kuhusu utafiti hapa, maana haupo upande wangu moja kwa moja. Mwaka 2016, Jingwen Zhang, Damon Centola na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio lao la wiki 11 lililowahusisha wanafunzi 790 wa chuo hicho. Wengine walifanya mazoezi kivyao, wengine waliunganishwa mtandaoni katika vikundi vya kutiana moyo, na wengine walioneshwa jinsi wenzao wanavyofanya ili washindane. Walioshindana, mmoja mmoja au kwa timu, walihudhuria madarasa ya mazoezi kwa asilimia 90 zaidi ya wale waliofanya kivyao. Vikundi vya kutiana moyo peke yake havikufua dafu. Centola alieleza kwamba katika vikundi hivyo macho huvutwa kwa wasiofanya kitu, na uzembe wao ukawashusha wenzao.

Nimeukubali ukweli huo, na unalingana na tulichokiona: wiki ya orodha, wenye nguvu walikimbia zaidi. Lakini jaribio lile lilipima mahudhurio, na sisi tulikuwa tukijali pia usingizi wa yule wa mwisho. Ushindani humsukuma aliyekwisha kujiamini. Anayeamka saa nane usiku akihesabu mapungufu yake hahitaji mtu wa kumletea daftari jingine la mapungufu. Nao uchangamfu wa maneno matupu, “tuko pamoja”, “usikate tamaa”, picha za maua na jua linalochomoza, haumtoi mtu kitandani. Tulihitaji kitu cha tatu.

Tulikipata kwa kubadilisha hesabu. Badala ya kilomita za kila mtu, msimamizi wa kikundi alianza kuposti dakika zetu sote zikiwa zimejumlishwa. Dakika za kutembea zilihesabiwa sawa na dakika za kukimbia. Aliyetembea nusu saa na aliyekimbia nusu saa walichanga kiasi kile kile kwenye jumla ile. Kipimo cha dakika, nilikuja kujua, ndicho Shirika la Afya Duniani linachotumia katika mwongozo wake wa mwaka 2020: mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Haulizwi ni kilomita ngapi, wala ni nani aliyekuwa mbele yake. Wenye damu ya ushindani waliridhika kwa kujaribu kuipita jumla ya wiki iliyotangulia, na waliokuwa wamenyamaza wakarudi mmoja mmoja.

Hata zile hatua 10,000 ambazo simu nyingi zinatudai kila siku hazikutoka kwa daktari. Zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, na namba ile ilichaguliwa kuwa jina la bidhaa. Mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake walipowafuatilia wanawake wazee, waliona kwamba faida ya kuishi muda mrefu ilianza kuonekana kwa waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku, ikaongezeka, kisha ikatulia karibu na 7,500. Mwanafunzi anayelala na huzuni kwa sababu simu imemwonesha 6,000 anahuzunishwa na tangazo la biashara.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kwa sababu ya mvua. Mwaka 2017, Sinan Aral na Christos Nicolaides walichambua kumbukumbu za wakimbiaji wapatao milioni 1.1 waliokuwa wakioneshana mbio zao mtandaoni kwa miaka mitano. Walitumia tofauti za hali ya hewa: mvua ikimzuia rafiki yako katika mji wake, nawe katika mji wako wenye jua unakimbia pungufu kidogo, yeye akiongeza, nawe unaongeza. Mazoezi yanaambukiza. Na waligundua kwamba asiye na mazoezi mengi humsukuma mwenye mazoezi mengi, na si kinyume chake. Hilo tuliliona Njokerio. Kijana mwenye kasi kuliko sisi wote alikuwa akikimbia peke yake, siku moja yupo siku tatu hayupo. Alianza kutoka kila siku alipoona sisi wa mwendo wa kuongea tunatoka hata kwenye tope. Mtu mnyonge akiposti kwamba ametembea dakika kumi, asidhani amejiaibisha. Huenda ndiye anayewasukuma wenye nguvu.

Kanuni nyingine ilihusu wasioonekana. Katika vikundi vingi vya mtandao, mtu akipotea hutajwa mbele ya wote: fulani uko wapi, fulani umetuangusha. Sisi hatukufanya hivyo. Aliyekosa siku moja aliachwa. Aliyekosa mfululizo alipigiwa simu na mtu mmoja, kwa faragha, na swali halikuwa kuhusu mazoezi. Aliulizwa kama amekula. Wakati ule wengi wetu tulikuwa tunaishi kwa vibarua vilivyokatika, na mara kadhaa jibu lilikuwa kwamba hajala. Yule mama wa mandazi, ambaye kufikia hapo alikuwa amezoea kutuona, naye alikuwa mlinzi wetu. Alikuwa akihesabu vichwa tukipita na kuuliza: “Yule wenu mrefu yuko wapi leo?” Maswali kama yake ndiyo yaliyotufanya tujue mapema kwamba mwenzetu mmoja hakuwa na wasiwasi wa kawaida tu, bali alikuwa amefika mahali pa kuchoka na maisha. Mazoezi hayakutosha kwake, na hatukujidanganya kwamba yanatosha. Wawili wetu walikaa naye, wakampigia mshauri nasaha, wakamsindikiza. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na inafaa iwe kwenye simu ya kila mwanafunzi kabla hajaihitaji. Ubora wa kikundi ulikuwa kwamba tulijua nani hayupo. Programu ya kuhesabu hatua ingeonesha sifuri, na sifuri haina mtu wa kuiuliza kama imekula.

Kwa sisi wasichana kulikuwa na jambo la ziada. Alfajiri ya Njokerio ina giza, na msichana anayekimbia peke yake hukimbia akisikiliza nyuma. Wengi wetu hatukuwa wavivu. Tulikuwa tunaogopa, na kwa haki. Ujumbe wa jioni ulikuwa pia ratiba ya usalama: tunajua nani anatoka, kwa njia gani, na ni nani anayemfuata mpaka mlangoni. Wanaowahimiza wanafunzi wafanye mazoezi bila kuuliza barabara ikoje saa kumi na mbili asubuhi wanazungumza na nusu ya wanafunzi tu.

Kufungiwa kuliisha tarehe 1 Mei 2021. Safari zikaruhusiwa, na kikundi kingeweza kufa hapo, kama vilivyokufa vingi vilivyoanzishwa na janga. Kilidumu kwa sababu kilibaki kidogo. Kilipovuka watu ishirini hivi, tuliona kwamba swali la “nani yupo?” limeanza kukosa nguvu, kila mmoja alidhani wengine watatosha. Tukakigawa, kila ploti na kikundi chake, kila kikundi na geti lake. Mara moja moja tulikutana wote kwa safari ndefu. Jumamosi moja tulipanda matatu hadi Nakuru, mji ambao Desemba mwaka huo ungepewa hadhi ya jiji, tukaanza kupanda kwa miguu kupitia Milimani hadi ukingo wa Menengai. Ukingo ule uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na kuufikia kutoka katikati ya mji ni kupanda zaidi ya mita 400. Kwa hiari yetu tulipanda kwa mwendo wa yule aliyekuwa wa mwisho. Kule juu, shimo la volkano likiwa limejaa vichaka na mvuke wa visima vya jotoardhi ukipanda chini yetu, tulipiga picha za nyuso. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ambayo hakuna aliyeiandika: picha za watu ziliwekwa kikundini, picha za saa na kasi zilibaki kwa mwenyewe.

Leo ninafundisha katika shule ya sekondari ya kaunti hii hii, ambako wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Wenzangu waliniuliza mazoea yale yatasaidia nini mahali ambapo hakuna mtandao. Nilibandika karatasi kwenye mbao za matangazo za mabweni. Kila jioni mwanafunzi wa zamu huandika saa, mahali na mwendo, na chini yake swali lile lile. Wanaotaka huandika majina. Asubuhi, kabla ya kengele ya masomo, huzunguka uwanja wakizungumza, na walio kidato cha nne huja kwa wingi zaidi majuma ya kukaribia mtihani wa taifa, yaani wakati ule ule ambapo watu wazima huwaambia waache michezo wasome. Hakuna anayeorodheshwa kwa kasi. Karatasi inafanya kazi ile ile iliyofanywa na WhatsApp, kwa sababu kazi haikuwa ya WhatsApp. Ilikuwa ya miadi.

Lakini wanafunzi wangu wakimaliza kidato cha nne hupewa simu, na wengi hupewa pamoja na upweke wa chumba cha kupanga katika mji wasioujua. Wasiwasi utawafuata huko. Watu watawashauri wazime simu, na kuna saa za kuizima: baada ya ujumbe wa jioni kupata majibu, simu iwekwe mbali na kitanda. Ila mimi siwezi kumshauri mtu aliye peke yake aachane na kitu pekee kinachomfikisha kwa wengine. Ninawaambia wakitumie kuwafikia kweli. Usianze na kikundi cha watu mia mbili, wala usitafute programu yenye nishani. Tafuta watu watatu wanaoishi karibu nawe kiasi cha kufika kwa miguu. Waandikie jioni hii hii. Taja saa, taja mahali, taja kwamba ni mwendo wa kuongea, kisha uliza nani yupo. Akijibu mmoja, inatosha: asubuhi kuna mtu getini, na ni lazima uamke.